Ng'ombe wa Mnadani na Kompyuta ya Mtumba



Huku kwetu Kisongo, magharibi ya mji wa Arusha, ambako barabara iendayo Makuyuni hupita kando ya ule uwanja mdogo wa ndege, na Mlima Meru huonekana mzima alfajiri kabla mawingu hayajaufunika kiuno, siku ya mnada mtu hajifunzi bei ya ng'ombe peke yake, bali hujifunza na kusoma. Mzee atakaye kununua fahali hatazami kwanza nundu wala meno. Humzunguka mnyama polepole, humshika sikio akaangalia mkato wake, kisha hutazama ubavuni palipochomwa chapa ya ukoo. Maana mnyama mwenye alama ya watu wengine, asiye na maelezo dhahiri ya jinsi alivyotoka boma moja akaingia jingine, aweza kumfanya mnunuzi halali aonekane mwizi mbele ya kadamnasi.

Mimi nilinunua ng'ombe wa namna hiyo, ila wangu alikuwa kompyuta mpakato. Niliipata katika duka moja la mitumba mjini, ikawaka vizuri mbele ya macho yangu, nikalipa, nikapewa risiti, nikapanda daladala nikarudi nyumbani nimeikumbatia kama mtoto. Usiku ule nilipotaka kuiwekea mfumo mwingine kutoka kwenye flashi, na kwa hiyo ikanilazimu kuingia katika ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla Windows haijatokeza uso, kikanitokea kisanduku cheusi chenye mshale ukipepesa, kinadai nywila. Sikuwa na nywila, na muuzaji hakuwa nayo. Hati zake za forodha zilikuwa sahihi, wala sina haki ya kumtuhumu. Chini ya kompyuta ilibandikwa stika yenye namba ya mali ya ofisi fulani ya Ulaya, na ni dhahiri kwamba ofisi hiyo, siku ilipoiuza kompyuta hiyo pamoja na nyingine nyingi kama gunia la nguo, ilikumbuka kufuta diski, ikasahau kufuta chapa.

Chapa hiyo yakaa wapi, hata diski ikiondolewa na nyingine kuwekwa isifutike? Hilo ndilo jambo nililokusudia kuzungumza nanyi jioni hii.

Katika kila kompyuta umo ubao mkubwa wa kijani au mweusi, ambao wataalamu huuita ubao mama na mafundi wetu huuita madabodi, na juu ya ubao huo imeganda chipu ndogo, aghalabu yenye miguu minane, isiyozidi punje ya harage kwa ukubwa. Ndani ya punje hiyo mna programu, ile ile iliyonidai nywila, ambayo huamka kabla ya kitu kingine chochote. Tangu zamani imeitwa BIOS, nayo mafundi huitamka baiosi. Zile za miaka ya karibuni zina jina jingine, lakini kazi ni ile ile. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ipatapo umeme haijui lolote: haijui kwamba kuna diski, wala kioo, wala kibodi, wala kwamba mwenyewe ameketi mbele yake akingoja na chai mkononi. Ijualo ni anwani moja tu, ambako walioiumba wameiamuru iende kusoma amri yake ya kwanza, na kwenye anwani hiyo ndiko baiosi ilikolala ikingoja kuamshwa.

Na hapo pana kitendawili ambacho hunifurahisha kila nikikifikiria. Programu yoyote, ili ifanye hesabu zake, yahitaji mahali pa kuandikia, na mahali hapo ni ile kumbukumbu iitwayo RAM. Walakini RAM nayo, wakati umeme unapoingia, haijatengenea: sharti ipimwe, iulizwe ukubwa na kasi yake, na nyaya ziendazo kwake zirekebishwe nyakati zake kwa vipimo vidogo kuliko mtu awezavyo kuviwazia. Anayepaswa kufanya kazi hiyo ni baiosi, ambayo yenyewe ingetamani kuwa na RAM ya kuandikia. Ni kama seremala aliyeagizwa kuunda meza ya kwanza ya karakana, ilhali hana meza ya kuundia. Hupiga goti, akaweka ubao juu ya paja, akaanza. Waandishi wa baiosi nao wamepata paja lao: wameitumia akiba ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, ambayo iliwekwa kwa kazi nyingine kabisa, wakaifanya daftari la muda mpaka RAM isimame. Kabla ya hila hiyo kuenea, waliokuwa wakiandika baiosi huria walitunga chombo cha kutafsiri programu kilichoweza kufanya hesabu zote ndani ya vishikizo vichache vya prosesa bila kugusa kumbukumbu hata kidogo. Mimi si mtu wa kusujudia mitambo, lakini kazi kama hiyo naistahi kama niustahivyo mlango wa Lamu uliochongwa na mtu ambaye hakuacha jina.

Basi ni nani ajuaye yaliyoandikwa ndani ya punje hiyo? Hapo mwanzo walijua wengi. Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani mwezi wa Agosti 1981, ilichapisha maandishi yote ya baiosi yake katika kitabu cha ufundi, mstari kwa mstari, mwenye kutaka asome. Ila kusoma kuliruhusiwa na kunakili kulikatazwa, kwa sababu hakimiliki ilikuwa yake. Kampuni changa ya Compaq ikatafuta njia ya halali: kundi moja la watu lilichunguza baiosi ile na kueleza tu kila kitu inachotenda, bila kusema inatendaje, na kundi la pili, ambalo halikupata kuyaona maandishi ya IBM, likapokea maelezo hayo na kuandika programu mpya toka mwanzo. Kompyuta yao ilitangazwa mwaka 1982, na mwaka 1984 kampuni ya Phoenix, iliyokwenda njia hiyo hiyo, ilikuwa tayari kumuuzia baiosi kila atakaye. Tangu hapo kompyuta za bei nafuu zikaenea ulimwenguni, hata mwisho wake zikashuka Bandari ya Dar es Salaam ndani ya makontena. Kwa hiyo soko zima la mitumba tunalolitegemea lilizaliwa siku watu walipoiandika upya baiosi. Ajabu ni kwamba wale waliopata riziki kwa mlango kufunguliwa ndio waliogeuka wakaufunga nyuma yao, wakatia kufuli, na kila mtengenezaji akawa na punje yake ya siri.

Mtu aliyechoka na siri hiyo alikuwa Ron Minnich, mtafiti wa maabara ya Los Alamos huko New Mexico, Marekani. Hakuwa akipigania haki za wanyonge. Alikuwa na mamia ya kompyuta za kufungwa pamoja zifanye kazi kama moja, na baiosi za wakati ule zilitungwa kwa ajili ya mtu mmoja aketiye mbele ya mashine moja, mwenye kibodi na kioo chake. Ikitokea hitilafu, lazima mtu aende kwa miguu hadi kwenye mashine ile, achomeke kioo, abonyeze kitufe. Zidisha safari hiyo kwa mia kadhaa. Mwaka 1999 alianzisha kazi ya kuiondoa baiosi ya kiwandani na kuweka mahali pake programu fupi, iliyo wazi kwa kila msomaji, ambayo huamsha RAM na vile vilivyo vya lazima, kisha humkabidhi Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, usukani. Iliitwa LinuxBIOS, na mwaka 2008 ikabadilishwa jina ikawa coreboot. Falsafa yake ni ufupi: fanya lile tu ambalo mwingine hawezi kulifanya, kisha ondoka njiani. Tangu mwaka 2012 kampuni ya Google imeitumia katika kompyuta zake za Chromebook, kwa hiyo kitu ambacho wengi hukidhania kuwa mchezo wa wapenda shida wachache kimo ndani ya mamilioni ya mashine za wanafunzi.

Mwaka ule ule wa 1999, tarehe 26 Aprili, kirusi kiitwacho CIH, kilichotungwa na mwanafunzi wa Taiwan, kiliamka katika kompyuta za nchi nyingi, kikafuta diski na, palipowezekana, kikafuta na baiosi yenyewe. Mashine zilizopatwa na hilo la pili hazikuwaka tena, kwa maana amri ya kwanza haikuwapo. Ndipo watu wengi walipotambua, kwa mara ya kwanza, kwamba punje ile ipo.

Sasa turudi kwenye barabara yetu. Mtu akitoka Kisongo akaifuata lami hadi Makuyuni, akapinda kulia, akapita Mto wa Mbu na kupanda ule ukingo wa Bonde la Ufa, atafika Karatu. Huko shirika la Powering Potential, lililoanzishwa na Mmarekani Janice Lathen, limeweka katika shule za sekondari vyumba vya kompyuta vinavyoendeshwa kwa nishati ya jua, na kompyuta zenyewe ni zile ndogo ziitwazo Raspberry Pi, zilizoanza kuuzwa mwaka 2012, kila moja ikitosha kiganjani na kula umeme kidogo kiasi cha kuridhika na wati chache. Programu zake ni huria. Mfumo wake ni Linux. Masomo na kamusi vimepakiwa ndani ili pasihitajike intaneti. Mtu angedhani kwamba hapo basi, juu ya kilima cha Karatu, uhuru umekamilika. La hasha. Katika vikompyuta hivyo, kitu cha kwanza kuamka si ile sehemu iendeshayo Linux, bali ni sehemu ya picha iliyomo ndani ya chipu ya kampuni ya Broadcom, nayo husoma kutoka kwenye kadi faili ambazo maandishi yake asilia hayajatolewa hadharani. Faili hizo ndizo ziandaazo kumbukumbu, ndizo zimwitazo Linux aingie. Mwanafunzi aweza kufungua kila kitabu cha nyumba ile isipokuwa ule ufunguo wa mlango wa mbele.

Silisemi hili kuwalaumu waliopeleka vikompyuta vile. Mtoto aliyesoma kwa jua ni bora kuliko aliyengoja usafi kamili gizani. Nalisema ili ieleweke kwamba neno huria lina tabaka, na tabaka la chini kabisa ndilo gumu kufikiwa. Rwanda, ambayo tangu mwaka 2008 iliwagawia watoto wa shule za msingi zaidi ya laki mbili za zile kompyuta za kijani na nyeupe za mradi wa OLPC, ilipokea, pengine bila kulitilia maanani, mashine ambazo hata programu yake ya kuamshia ilikuwa wazi. Ni bahati ambayo haikuwajia wengi.

Hata coreboot yenyewe leo si huria kwa ukamilifu katika mashine nyingi. Prosesa mpya za Intel hudai kipande kilichofungwa cha kampuni kwa ajili ya kuandaa RAM, na tangu takriban mwaka 2006 kampuni hiyo imetia ndani ya mashine zake kompyuta nyingine ndogo iitwayo Management Engine, yenye programu yake na siri yake, ambayo huwa macho hata wakati mwenyewe amelala; mwezi wa Novemba 2017 Intel yenyewe ilikiri kwamba ndani yake mlikuwa na nyufa za kupitia wavamizi. AMD nao wana mfano wake. Wapo wenye msimamo mkali wasiokubali hata faili moja iliyofungwa, na kwa hiyo hubaki na mashine za zamani sana. Wapo wanaosema tufungue kadiri tuwezavyo, mengine yatafuata. Mradi wa Libreboot, ulioanza mwaka 2013 ukiwa upande wa kwanza, ulihamia upande wa pili mwaka 2022, na maneno makali yakatupwa. Mimi nipo na hawa wa pili, kwa sababu moja tu: mashine zinazotufikia sisi hatuzichagui.

Nimesema mengi ya mbali. Niwaeleze sasa nililoliona kwa macho yangu, mezani kwa fundi mmoja hapa hapa Kisongo, kijana ambaye riziki yake ni simu zilizoingia maji, na kazi ya kompyuta huifanya kwa mapenzi. Nilimpelekea ile yangu, pamoja na risiti, maana aliidai kabla hajagusa bisibisi, nami nilimheshimu kwa hilo. Kwanza alitafuta kama ubao wangu umo katika orodha ya zile ambazo coreboot huzijua, ukawamo. Alifungua skrubu saba akazipanga juu ya karatasi kwa umbo lile lile zilivyotoka. Aliondoa betri kubwa, kisha ile ndogo ya duara kama shilingi. Chini ya sehemu ya kupumzishia viganja ikaonekana punje yenyewe, na kwenye pembe yake moja nukta ndogo inayoonyesha ulipo mguu wa kwanza. Aliipiga brashi ya mswaki, kwa sababu vumbi la Kisongo haliombi ruhusa, akaibana kwa klipu yenye nyaya nane, waya mwekundu upande wa nukta.

Kabla ya hapo alikuwa amekipima kifaa chake cha kusomea kwa mita. Vile vya bei rahisi, alisema, vingine hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data, ilhali chipu ya namna hii yataka 3.3, na mtu huua kompyuta akidhani anaiponya. Kisha akaisoma chipu, akaweka nakala. Akaisoma tena. Akalinganisha, nazo hazikufanana. Nilidhani ndiyo mauti. Yeye hakusema neno. Alitoa klipu, akapangusa miguu, akaibana tena kwa kuibonyeza hadi ikalia, akasoma mara tatu, na mara tatu zote zikatoa kitu kimoja. Ndipo akanipa nakala hiyo katika flashi na kuniambia, "Hii usiipoteze, shikamoo yako yote iko humu." Sikupata kuuliza maana ya usemi huo, ila nimeupenda.

Kuandika baiosi mpya kulichukua dakika chache. Kuiwasha kwa mara ya kwanza kulichukua muda mrefu kuliko vyote: kioo kilibaki cheusi, feni ikazunguka, tukatazamana. Kumbe mara ya kwanza RAM hupimwa kwa urefu, na vipimo vikahifadhiwa kwa ajili ya siku zijazo. Baadaye maandishi meupe yakatokea, na tangu siku ile mashine huamka haraka kuliko ilivyotoka kiwandani.

Kwa nini nawasumbua kwa habari ya punje ya harage? Kwa kuwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 imeachwa na walioitengeneza, na iliyoirithi inadai vitu ambavyo mashine nyingi za kabla ya mwaka 2018 hazina au zimefungiwa, na kwa hiyo maofisi ya Ulaya na Marekani yanazitoa nje kwa malaki, na mahali zitakapoishia twapajua. Ama zitakuja kwetu zikiwa na chapa za watu, kufuli za watu na nyufa ambazo hakuna atakayeziziba, kwa kuwa mtengenezaji huacha kutoa baiosi mpya mara mashine inapopitwa na umri, ama zitakuja tukiwa na watu wanaojua kuzifungua. Wapo waliokwisha kututangulia katika jambo la jirani: mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na hesabu iliyosema Kiswahili, na iliwezekana kwa sababu maandishi yake yalikuwa wazi, hapakuwa na wa kuombwa idhini. Kile kisanduku cheusi kilichonidai nywila hakijawahi kusema Kiswahili, wala hakitasema maadamu maandishi yake yamefichwa.

Basi naomba. Naomba walimu wa Chuo cha Ufundi Arusha, na wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, watenge madabodi moja iliyokufa kwa kila darasa, na wanafunzi waisome chipu yake mara tatu kabla hawajaambiwa ni nini. Naomba wauza mitumba wafungue ukurasa wa mipangilio mbele ya mteja, kama mwenye ng'ombe anavyogeuza ubavu wa mnyama wake mnadani bila kuombwa. Na wewe uliye na kompyuta ya zamani kabatini, kabla hujampa mnunuzi wa vyuma chakavu, iangalie kwanza kama imo katika ile orodha ya coreboot.

Stika ya ile ofisi bado iko chini ya kompyuta yangu, sijaibandua. Nywila yao sijaijua hadi leo, wala mashine haiulizi tena.